Kisu cha Kusomwa

Mpe mkusanyaji wa visu vya zamani kisu cha kukunja, kisha mtazame. Hataanza na makali. Atakigeuza mgongo juu, akisogeze penye mwanga, achungulie kama kuna mwanya kati ya springi, vibati vya shaba na mfupa wa mpini. Asipouona, ataweka ukucha kwenye mfuo wa bapa na kulivuta taratibu, akitega sikio. Springi ya kisu kizuri hulishika bapa njia nzima bila kulegea, na bapa likifika mwisho husikika mlio mfupi, mkavu. Akilikunja tena, mlio wa pili. Wapenzi wa visu hivi huko Marekani husema kisu lazima kitembee na kiseme. Kinachotembea kwa kusitasita, au kinachojifunga kimya kama kimechoka, wanakirudisha mezani hata kiwe kinang'aa namna gani.

Yapo makampuni mengi ya Marekani ambayo visu vyake hukusanywa, lakini jina linalotajwa kuliko yote ni Case, kwa ukamilifu W.R. Case & Sons Cutlery, la mji wa Bradford, jimbo la Pennsylvania. Kiwanda hiki kina zaidi ya karne moja na bado kinafanya kazi. Hakikupata sifa kwa kutengeneza vitu vya kifahari. Kilitengeneza visu vya watu wa kazi: mfugaji, mkulima, mtega wanyama, fundi, mzee anayemenya tofaa barazani. Kinachonifanya nivistahi ni uaminifu wake katika sehemu ambazo mnunuzi wa kawaida hakutarajiwa kuzitazama, na kwamba kisu chenyewe, ukijua kukisoma, hukueleza karibu kila kitu kukihusu.

Habari yenyewe inaanza mwaka 1889, kaskazini mwa jimbo la New York, wakati ndugu wa ukoo wa Case walipokuwa wakipita vijijini na gari la farasi wakiuza visu. Wakati ulikuwa mzuri kwao. Hadi miaka hiyo soko la Marekani lilikuwa limejaa visu vya Sheffield, Uingereza. Mwaka 1890 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ushuru iliyopewa jina la McKinley, ikapandisha mno kodi ya visu vinavyotoka nje. Sheffield ikaumia; vijiji vya New York na Pennsylvania vikapata nafasi. Baadhi ya mafundi wa Sheffield walikuwa tayari wamevuka bahari, na ujuzi wao ukaingia katika viwanda vipya. Mmoja wa ukoo wa mafundi hao, Harvey Platts, alioa binti wa ukoo wa Case, na baadaye akahamia Colorado kuanzisha kampuni yake ya visu.

Ukoo huo ulikuwa hivyo: kila ndoa ilizaa kiwanda. Theresa Case aliolewa na Champlin, mwanzilishi wa visu vya Cattaraugus katika mji mdogo wa Little Valley. Katika miaka ya 1920 mabinamu kadhaa waliunda kampuni nyingine hapo hapo na kuiita Kinfolks, yaani ndugu wa ukoo, jina ambalo halikuhitaji kufikiriwa sana. Kampuni iliyodumu ni ile aliyoianzisha John Russell Case, ambaye wengi walimwita Russ, akaipa jina la baba yake, William Russell. Mwaka 1905 ilihamia Bradford, mji uliokuwa umetajirika kwa visima vya mafuta ya petroli. Familia ilikaa nayo kwa miongo mingi. Iliuzwa mwaka 1972, ikapita mikono kadhaa, na mwaka 1993 ikanunuliwa na Zippo, watengenezaji wa viberiti vya petroli, majirani zao wa mji huo huo. Tangu mwaka 1997 makampuni haya mawili yana jumba moja la makumbusho pale Bradford.

Sasa chukua kisu kimoja, tukisome. Fungua bapa kubwa na utazame shina lake, kile kipande kisichonolewa kinachoingia ndani ya mpini. Upande mmoja kuna chapa ya kampuni. Upande wa pili, kwenye visu vya kuanzia karibu na mwaka 1950, kuna tarakimu. Tuseme ni 6254. Tarakimu ya kwanza ni mpini: 6 ni mfupa. Ingekuwa 5, mpini ungekuwa pembe ya kulungu; 3 ni plastiki ya manjano; 2 ni nyeusi; 8 ni ganda la chaza lenye kumetameta. Tarakimu ya pili ni idadi ya mabapa: mawili. Zilizobaki, 54, ni umbo, na umbo la 54 ni lile liitwalo Trapper, kisu cha mtega wanyama, chenye mabapa mawili marefu yanayotoka ncha moja ya mpini. Kwa mpango huo 3254 ni kisu kile kile kwa mpini wa manjano, na 6347 ni kisu cha mfupa chenye mabapa matatu, umbo la 47, kinachoitwa Stockman, cha mfugaji. Si siri ya wakusanyaji. Ulikuwa mpango wa kiwanda na wenye maduka, wa kuagizia mzigo bila maelezo marefu. Wakusanyaji wameurithi tu.

Chapa ya upande wa kwanza ndiyo kalenda. Kati ya mwaka 1920 na 1940 visu vingi viliandikwa Case Tested XX. Kati ya 1940 na 1964 neno la katikati likaondoka, ikabaki Case XX. Mwaka 1965 yakaongezwa maandishi U.S.A. chini yake, na chapa hiyo ikadumu hadi 1969. Kisha mwaka 1970 kiwanda kikaanza mtindo ambao hakuna mkusanyaji asiyeujua: vitone kumi viliwekwa chini ya chapa, na kila mwaka uliofuata kikaondolewa kimoja. Vitone tisa ni 1971, vitano ni 1975, kimoja ni 1979. Mwaka 1980 vikarudi kumi, herufi S za chapa zikachongwa kwa umbo la radi ili muongo mmoja usichanganywe na mwingine. Mtu aliyenunua kisu dukani mwaka 1973 ili akate kamba za marobota ya nyasi hakuhitaji vitone saba vile. Lakini vimemwezesha mjukuu wake kujua.

Kuhusu zile X mbili, maelezo ya kiwanda ni ya kazi tupu. Bapa likikatwa kutoka bamba la chuma huwa bado laini. Linachomwa hadi liwe jekundu, linazamishwa lipoe ghafla na kuwa gumu, kisha linapashwa tena joto la wastani ili ugumu huo usilifanye livunjike kama kioo. Mafundi walitia alama ya X kwenye sinia la mabapa yaliyopita hatua moja, na X nyingine yalipopita hatua ya pili. Alama ya sinia ikapanda hadi kwenye chapa. Mnunuzi aliyeona XX aliambiwa kwamba chuma hiki kimepita motoni mara mbili na kuthibitishwa.

Mabapa yalipigwa chapa kwa mafungu makubwa na kuwekwa kwenye masanduku. Kiwanda hakikutupa yale ya zamani mtindo ulipobadilika. Ndiyo maana kuna visu halali kabisa ambavyo bapa moja lina chapa ya XX na la pili lina ya U.S.A. Mgeni akikiona hudhani kisu kimechezewa. Mzoefu hufurahi, kwa sababu ameshika wiki fulani za mwaka 1965 ambapo mfanyakazi alichukua kutoka masanduku mawili yaliyokaa jirani.

Lakini chapa hufundishika kwa jioni moja. Kinachohitaji miaka ni kuona namna vipande vilivyokutana, na hapa Stockman ndiye mwalimu bora. Kisu hiki kina mabapa matatu na springi mbili tu, ndani ya mpini usiofika urefu wa kiganja. Bapa kubwa lina ncha iliyopinda juu, kwa kazi za jumla. La pili lina makali yaliyonyooka na mgongo ulioinama kufikia ncha, zuri kwa kukata juu ya ubao bila kutoboa usichotaka kutoboa. La tatu lina ncha butu ya mviringo. Lilikusudiwa kuhasi wanyama, ambapo ncha kali ingejeruhi mahali pasipotakiwa. Springi moja hubeba mabapa mawili, moja kila mwisho. Maana yake ni kwamba chuma kimoja lazima kisukume kwa nguvu sawa pande zote mbili, na kwamba mabapa yote yakikunjwa yalale pamoja kwenye upana ambao kwa hesabu ya kawaida hauyatoshi.

Fundi hutatua hilo kwa nyundo. Hulipinda bapa kidogo mno shingoni, karibu na shina, ili mwili wake upite kando ya mwenzake. Mpindo huo ukipungua, mabapa yatasuguana na kuchorana mistari. Ukizidi, bapa litaparuza kibati cha shaba. Ukiwa sawa, huuoni kabisa isipokuwa ukitazama kisu kwa juu kikiwa kimefungwa: mabapa matatu yamelala, kila moja na mwanya wake mwembamba, hakuna linalomgusa jirani. Huwezi kupata ulinganifu huo kwa mashine ya kukatia peke yake. Kuna mtu aliyefunga na kufungua, akatazama, akagonga, akafunga tena.

Springi nayo ina mitihani yake. Kisu kikiwa kimefunguliwa, mgongo wa springi uwe sawa na mgongo wa mpini. Kikiwa kimefungwa, uwe sawa vile vile. Pitisha kidole: usisikie ngazi. Kila hali ya bapa huisukuma springi kwa kimo chake, na kimo hicho hutegemea pembe za shina zilivyosagwa. Unywele mmoja wa chuma ukiondolewa kupita kiasi hauwezi kurudishwa. Nguvu ya springi pia ni suala la kipimo. Ikilegea, bapa linaweza kumfungia mtu kidoleni. Ikikaza mno, wakusanyaji hukiita kisu kivunja kucha, nao hawatanii.

Halafu kuna vitu ambavyo macho hupitia haraka. Pini zinazoshikilia mpini zimegongwa hadi vichwa vyake vikaenea na kulala sawa na mfupa bila kuupasua. Vile vichwa vyeupe vya metali kwenye ncha za mpini, ambavyo wengi hudhani ni fedha, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na fedha hata chembe. Kazi yake ni kulinda ncha za mfupa na kubeba mhimili wa bapa. Kwenye kisu kilichotengenezwa vizuri huoni mhimili huo. Pini imesagwa pamoja na kichwa, metali moja na nyingine, hadi mpaka kati yake ukapotea. Unajua iko pale kwa sababu bapa linazunguka.

Mfupa wenyewe ni wa muundi wa ng'ombe. Hukatwa vipande bapa, kisha huchimbwa vijishimo vingi vya kufuatana. Vijishimo hivyo viliigiza mikwaruzo ya pembe ya kulungu, iliyokuwa ghali zaidi, na vilizuia mkono wenye jasho usiteleze. Rangi ikitiwa, mfupa hauinywi kwa usawa: sehemu ngumu hukataa, sehemu yenye vinyweleo hunywa sana, mashimo hubaki meusi na miinuko hupauka. Kwa sababu hiyo hakuna mipini miwili inayofanana. Visu vingi vya nusu ya kwanza ya karne iliyopita vina mfupa wa kijani wenye kuelekea kahawia, ambao leo hutafutwa sana. Baadaye kuna mwekundu, wenye kina cha damu ya mzee. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mfupa ulipokuwa adimu, kiwanda kilitumia mpira mgumu mweusi wenye mikwaruzo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 kikaanza kutumia plastiki iitwayo Delrin kwa baadhi ya visu. Plastiki hiyo haipasuki wala haisinyai. Lakini tazama kwa kioo cha kukuzia: mfupa una vitundu vidogo vya mishipa ya damu iliyokuwa hai, na plastiki haina.

Kampuni hii ina fahari zake za kuonyesha wageni. Ilitengeneza jambia la V-42 la kikosi maalumu cha Marekani na Kanada wakati wa vita. Mwaka 1965 wanaanga Gus Grissom na John Young walibeba kisu chake kwenye safari ya Gemini 3. Hata hivyo ukiingia kwenye maonyesho ya wakusanyaji, meza zenye watu wengi ni za visu vya mfukoni vilivyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shamba, vikiwa vimepangwa kwenye ubao wenye kioo karibu na misumari. Husimuliwa kwamba mapenzi haya yalishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1960, sheria ya silaha ya mwaka 1968 ilipobana biashara ya bunduki ya mkono kwa mkono na wabadilishanaji wakageukia visu. Kisha vikaja vitone vya mwaka 1970. Watu walipotambua kwamba chapa ya U.S.A. isiyo na vitone haitarudi, walizunguka vijijini wakinunua akiba yote iliyobaki kwenye mbao hizo. Klabu rasmi ya wakusanyaji wa Case iliundwa mwaka 1981.

Palipo na pesa, pana wajanja. Wapo wanaochukua bapa lenye chapa adimu na kulipachika kwenye mpini wa kisu cha bei ndogo. Wapo wanaopiga chapa mpya juu ya shina la zamani. Walio wengi hawaghushi. Wanang'arisha tu, wakifuta kwenye mashine ya kusugulia rangi ya kijivu ambayo chuma kilijipatia kwa miaka hamsini, pamoja na kingo za herufi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: kisu cha mwaka 1955 kinachometa kama kimetoka jana kina jambo la kueleza. Msomaji makini hulinganisha mabapa. Je, yamezeeka kwa rangi moja? Urefu wake ukoje? Kunoa hula chuma, na bapa lililoliwa huacha pengo mdomoni mwa mpini. Shina lina unene uleule wa pande zote, au limesagwa ili kufuta kitu? Pini zimewahi kuguswa?

Kuvitunza pia ni ufundi, tena wa kujizuia. Tone la mafuta mepesi kwenye kiungo, kitambaa kikavu kwenye bapa, basi. Mfuko wa ngozi unaonekana kuwa makao ya heshima, lakini ngozi hushika unyevu, na dawa zilizoisindika huifanya shaba iote ukungu wa kijani. Visu vyenye mipini ya seluloidi, ile plastiki ya kale yenye rangi za kuvutia, hutengwa peke yake, kwa kuwa seluloidi ikianza kuoza hutoa hewa inayokula chuma cha jirani zake wote ndani ya droo.

Wakusanyaji hubishana bila kuchoka juu ya jambo moja: kisu bora ni kipi? Bei zina jibu lake. Kisu ambacho hakijawahi kukata kitu, hakijanolewa, bado kina mistari ya jiwe la kiwandani kwenye bapa, huzidi vyote. Naielewa hoja yao. Kisu hicho ni ushahidi wa mkono wa mwisho uliokigusa pale Bradford, na kinoo kikipita juu yake mara moja, ushahidi huo umefutika. Lakini ushahidi wake unaishia mlangoni mwa kiwanda. Kwamba mpindo wa shingo ulikuwa sahihi, kwamba springi ilipewa nguvu ya kudumu, kwamba pini zilishika: hayo hayajulikani kwa kisu kilicholala. Yanajulikana kwa kile kilichofunguliwa kila asubuhi kwa miaka thelathini na bado hakichezi kikitikiswa.

Kwa hiyo anayeanza namshauri asikimbilie kabati la kioo. Atafute Stockman iliyotumika, mfupa umelainika kwa mfuko wa suruali, bapa kubwa limepungua kidogo kwa kunolewa na mtu aliyejua kunoa, vitone au herufi bado vinasomeka. Bei yake itakuwa ndogo kwa sababu soko limeikatia alama. Afungue kila bapa mara nyingi, apitishe kidole mgongoni, akitazame kwa juu kikiwa kimefungwa. Akishazoea namna kisu kilichotengenezwa sawasawa kinavyohisi baada ya kazi ya miaka mingi, hapo ndipo awe na haki ya kununua ambacho hakijafanya kazi yoyote, maana atakuwa anajua analipia nini.